Mashine ya Risiti Iliyozeeka: Somo kwa Wakulima wa Skimu za Lamu



Ukienda kuuza pamba, simsim au korosho huku Lamu bara, iwe ni Mpeketoni, Hongwe, Witu au Hindi, huenda ukaona juu ya meza ya karani wa mizani mashine ndogo, ukubwa wake kupita tofali kidogo, ambayo hutoa kipande cha karatasi kila mtu amalizapo kupimiwa mzigo wake. Hiyo ndiyo mashine ya risiti. Wenye maduka ya mbegu na dawa wanazo pia. Nyingi katika hizo zimekwisha kuwa kongwe, maana zilinunuliwa mjini zikiwa zimekwisha kutumika, na fundi wake yuko mbali. Somo la mwezi huu ni juu ya mashine hiyo: jinsi ya kuijua, kuitunza, na kutambua ugonjwa wake kabla ya kutumia fedha za chama.

Labda utasema, “Mimi ni mkulima, mashine ni kazi ya karani.” Sivyo hata kidogo. Ukishaiacha pamba yako ghalani na kurudi nyumbani, haki yako yote imo katika karatasi ile, na malipo yaweza kuchukua majuma kadhaa kufika. Wala usidhani simu itakusaidia. Ujumbe wa M-Pesa, ambayo ilianza hapa Kenya mwaka 2007, hukuambia umepokea shilingi ngapi. Haukuambii walipima kilo ngapi, wakaweka daraja gani, wakakata nini. Hayo husemwa na risiti peke yake. Tena wengi wenu ni wajumbe wa kamati za ushirika, na ndio mnaoulizwa kama mashine mpya inunuliwe au ya zamani itengenezwe. Hapana budi mjue mnachoulizwa.

Mashine za kutunza hesabu ya mauzo zilianza kwa sababu ya kutoaminiana. Bwana mmoja Mmarekani, James Ritty, alikuwa na baa katika mji wa Dayton, Ohio, na wafanyakazi wake walikuwa wakimwibia. Akiwa safarini melini aliona chombo kinachohesabu mizunguko ya rafadha, akafikiri: kama mizunguko yaweza kuhesabiwa, kwa nini mauzo yasihesabiwe? Mwaka 1879 yeye na ndugu yake wakapata hataza ya mashine yao. Hizi ndogo za kuchapa kwa umeme ni za juzi tu. Kampuni moja ya Japani, baada ya kazi ya kuchapa nyakati za wakimbiaji katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, ilitoa mashine ndogo iliyoitwa EP-101 mwaka 1968. Kutokana na jina hilo walitunga jina Epson mwaka 1975, maana yake mtoto wa EP, na jina hilo utaliona kwenye mashine nyingi hadi leo.

MASHINE YAKO NI YA NAMNA GANI?

Kabla ya kusema mashine ni mbovu, ijue kwanza. Ziko namna mbili, na dawa ya moja si dawa ya nyingine.

Namna ya kwanza hugonga. Ndani yake mna kichwa chenye pini nyembamba, aghalabu tisa, zilizopangwa wima. Pini hizo hupiga utepe wenye wino, na utepe huacha nukta juu ya karatasi, wakati kichwa kikienda na kurudi. Utaijua kwa kelele zake, kama kware wanaodonoa debe. Mfano wake ulioenea ni Epson TM-U220, ambayo hutumia utepe uitwao ERC-38 na roli ya karatasi ya kawaida yenye upana wa milimita 76.

Namna ya pili huchoma. Haina utepe wala wino. Karatasi yake imepakwa dawa upande mmoja, na dawa hiyo hugeuka nyeusi ikipata joto. Kichwa cha mashine kina mstari wa vitu vidogo sana vinavyopata moto, katika mashine nyingi vinane kwa kila milimita, na karatasi hupita juu yake kimyakimya. Jack Kilby, yule mhandisi Mmarekani aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2000, alikuwa miongoni mwa waliobuni uchapaji huu.

Ukitaka kujua karatasi uliyopewa ni ya namna ipi, ikwaruze kwa ukucha kwa nguvu. Ikiacha alama nyeusi, ni karatasi ya joto. Isipoacha, ni karatasi ya kawaida. Jaribio hilo halina gharama, na mtoto wa shule aweza kulifanya. Lakini likwaruze pembeni, si juu ya kilo zako!

JARIBIO LA KUTENGANISHA

Daktari mzuri hatoi dawa kabla hajapima. Mashine ya risiti haifanyi kazi peke yake: iko kompyuta au mizani inayoituma maneno, uko waya unaoyapitisha, iko adapta inayoileta umeme, na iko yenyewe. Watu wengi hubeba mashine kwenda Mombasa, kumbe mgonjwa ni waya.

Mashine nyingi za aina hizi zina jaribio la ndani. Izime. Weka karatasi, funga kifuniko. Bonyeza kitufe cha kusogeza karatasi, kile kilichoandikwa FEED, usikiachilie; huku umekishika, washa mashine. Itachapa yenyewe, bila kuambiwa na kompyuta, orodha ya hali yake na mistari ya herufi. Mashine nyingine husimama katikati na kungoja ubonyeze tena ndipo iendelee.

Basi soma karatasi hiyo. Ikitoka safi, mashine ni nzima, na ugonjwa uko kwenye waya, kompyuta au mipango yao. Ikitoka vibaya, ugonjwa uko katika mashine, karatasi, utepe au umeme. Kwa jaribio la dakika moja umegawa tatizo nusu kwa nusu. Iandikie tarehe karatasi hiyo na kuitunza, kwa maana mwezi ujao utailinganisha na nyingine.

MASHINE YA KUGONGA

Ugonjwa wa kwanza ni maandishi kufifia. Kama yamefifia sawasawa, juu na chini, kulia na kushoto, utepe umekwisha wino. Badilisha. Fungua kifuniko, uchomoe kasha la zamani, uweke jipya, kisha uzungushe kile kifundo chake kwa kufuata mshale mpaka utepe ukaze. Utepe uliolegea hukunjika, ukanaswa na kichwa. Kama mashine imetoka kufanya kazi nyingi, ngoja kwanza. Kichwa kikiwa cha moto chaweza kukuunguza kidole.

Usijaribu kuuamsha utepe uliokauka kwa mafuta ya taa, mafuta ya nazi au wino wa muhuri. Najua hufanywa. Wino wa muhuri haukutengenezwa kwa pini, na ukikauka huzigandisha. Hapo utakuwa umeokoa bei ya utepe na kupoteza kichwa, ambacho ndicho kitu cha thamani kuliko vyote katika mashine hiyo.

Ugonjwa wa pili ni mbaya zaidi, na ndio hasa ulionifanya niandike somo hili, kwa sababu haufanani na ugonjwa. Ni pini moja kufa au kukwama.

Fikiri. Pini ziko wima, na kichwa huenda kwa upana wa karatasi. Kwa hiyo kila pini huchora mstari wake mmoja katika herufi zote: ya juu huchora vichwa vya herufi, ya kati huchora viuno, ya chini huchora nyayo. Pini ikifa, mstari wake hupotea katika neno zima na katika kila tarakimu. Karatasi nyingine yote huwa nyeusi na nzuri, na mtu asiyejua husema risiti ni safi.

Sasa tazama tarakimu. Pini ya juu ikifa, 7 hupoteza kofia yake, ikabaki kijiti kilichoinama. Ni nini hicho? Mtu akisoma haraka atasema ni 1. Pini ya kati ikifa, 8 hupoteza kiuno, ikafanana na 0. Tuseme, kwa kurahisisha hesabu, bei ni shilingi 50 kwa kilo, na gunia lako lilikuwa na kilo 70. Haki yako ni shilingi 3,500. Lakini 70 ikisomeka 10, utalipwa shilingi 500. Shilingi 3,000 zimepotea kwa sababu ya pini nyembamba kama sindano, wala hakuna aliyeiba. Na kama risiti yako ndiyo ushahidi wa pekee, utabishana na nani?

Njia ya kuitambua ni kutazama herufi, si tarakimu, kwa kuwa herufi haitudanganyi. Tazama T: je, ina dari? Tazama H: je, ina daraja katikati? Tazama E: je, ina meno matatu? Tazama L: je, ina mguu? Kama T zote katika risiti hazina dari, basi usiamini 7 wala 5 yoyote katika risiti hiyo. Hapo hapo mwambie karani, kabla hujaondoka kwenye mizani na gunia lako bado linaonekana, aandike kilo kwa kalamu na kwa maneno, “kilo sabini,” kisha atie sahihi. Usione haya. Karani mwema atakushukuru, maana yeye ndiye atakayesumbuliwa siku ya malipo.

Je, pini iliyokwama yaweza kuponywa? Mara nyingine. Katika ghala la pamba, nyuzi na vumbi huingia kila mahali, na zikichanganyika na wino huwa kama gundi mbele ya kichwa. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, ungoja ipoe, kisha uondoe nyuzi kwa brashi laini ya kupakia rangi, ile ndogo. Pangusa uso wa kichwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholowanishwa kidogo kwa spiriti. Ikikauka, fanya jaribio la ndani tena. Mstari ukirudi, umepona. Usiporudi, pini imevunjika au sumaku yake imeungua, nalo si jambo la kutengenezwa kwa bisibisi ya nyumbani. Kichwa hubadilishwa kizima. Ikiwa pini imekwama nje, utepe utachanika mahali pamoja kila mara. Ukiona umechana tepe mbili kwa juma moja, usinunue wa tatu.

Mashine ya kugonga ina sifa moja kubwa ambayo mpya nyingi hazina. Kwa kuwa hugonga, yaweza kuchapa karatasi yenye kunjo mbili, nakala ya pili ikatoka chini ya ile ya kwanza kwa pigo lile lile. Nakala hizo haziwezi kutofautiana. Kwa ajili hiyo, mimi nasema kamati isifanye haraka kuitupa kwa sababu tu ina kelele.

MASHINE YA KUCHOMA

Hapa magonjwa ni machache. Karatasi ikitoka nyeupe kabisa, usiogope: mara nyingi roli imewekwa kinyume, upande wenye dawa hautazami kichwa. Kwaruza kwa ukucha ujue upande wake, kisha igeuze. Au pengine karani amenunua roli ya karatasi ya kawaida kwa sababu ni rahisi. Hiyo haitaandika kitu hata ukiigeuza mara mia.

Ukiona mstari mweupe unaoshuka kwa urefu wa karatasi, mahali pale pale katika risiti zote, basi kitu kimoja katika kichwa hakipati moto, au kimefunikwa na uchafu. Ona tofauti: katika mashine ya kugonga mstari unaopotea huenda kwa upana, katika hii huenda kwa urefu. Safisha kwanza. Kama mstari haukuondoka, sehemu hiyo imekufa. Mstari mmoja mwembamba hauna madhara makubwa, lakini vikifa kadhaa vilivyo jirani, na vikiangukia safu ya kilo, 8 yaweza kukatwa ubavu wake wa kushoto ikasomeka 3. Wakati mwingine mwenye kuandaa mpangilio wa risiti aweza kuihamisha safu ya kilo kando kidogo, na mashine ikaendelea kutumika msimu mzima.

Juu ya spiriti, sikiliza vizuri. Inayotakiwa ni ile inayoitwa aisopropili, nayo hupatikana kwa wauza dawa au wauza vifaa vya umeme. Spiriti nyingine za kusafishia vidonda hutiwa mafuta kidogo ili zisikaushe ngozi, na mafuta hayo huacha utando juu ya kichwa. Usiguse uso wa kichwa kwa kidole, kwa kuwa jasho letu lina chumvi, wala usikwaruze kwa kisu. Na kwa kuwa spiriti hushika moto upesi, na ghala limejaa pamba, fanya kazi hiyo nje ya chumba cha pamba, asiwepo mvuta sigara, wala usiwashe mashine kabla haijakauka kabisa.

Kisu cha kukatia karatasi nacho hukwama. Taa ya hitilafu itawakawaka na kifuniko kitakataa kufunguka. Usikivunje. Zima mashine, tafuta gurudumu dogo la kisu, ambalo katika mashine nyingi limefichwa chini ya kifuniko cha mbele, ulizungushe polepole mpaka kisu kirudi mahali pake, ndipo ufungue.

UMEME NA WAYA

Mashine nyingi za risiti hutumia volti 24 kutoka kwenye adapta yake. Adapta ya redio au ya kompyuta yaweza kuingia katika tundu lile lile, lakini hiyo si ruhusa ya kuitumia. Soma kibandiko. Mashine ya kuchoma hutaka umeme mwingi kwa ghafula inapochapa maneno mazito meusi, kwa hiyo adapta iliyochoka hujionyesha hapo: mashine huchapa jina la chama vizuri, ikifika kwenye mstari mweusi inazimika au kuanza upya. Hiyo ni njaa ya umeme. Hali hiyo hiyo huonekana mahali panapotumia sola na inveta dhaifu, hasa jioni betri zikiwa zimepungua. Umeme ukikatika, chomoa plagi; usiurudishe mpaka uone taa za nyumba zimetulia.

Ikiwa jaribio la ndani ni safi lakini risiti halisi hutoka na alama za ajabu zisizosomeka, mashine na kompyuta hazisemi kwa mwendo mmoja. Mashine kongwe zenye mlango wa pini 9 au 25 lazima ziwekwe mwendo ule ule pande zote mbili, kwa mfano 9600. Karatasi ya jaribio la ndani hutaja mwendo wa mashine. Ulinganishe na wa kompyuta. Mashine nyingi huwekwa kwa swichi ndogondogo zilizo chini ya tumbo lake, nazo zibadilishwe mashine ikiwa imezimwa. Kabla ya kugusa hata moja, chora jinsi zilivyo. Mwalimu wangu wa chuo alikuwa akisema kalamu ni nyepesi kuliko majuto, na katika swichi hizi maneno yake ni kweli tupu.

Waya wa mlango huo wa zamani usichomekwe wala kuchomolewa mashine ikiwaka. Jambo jingine: nyuma ya mashine pana tundu dogo linalofanana sana na la simu ya waya. Hilo ni la droo ya fedha. Usichomeke waya wa simu humo, maana waweza kuharibu vyote viwili.

CHUMVI, NYUZI NA SISIMIZI

Sisi wa pwani tuna adui ambaye wa Nakuru hamjui, nao ni hewa ya chumvi. Mashine iliyoko Mokowe karibu na gati huota kutu upesi kuliko iliyoko ndani huko Mpeketoni, na majira ya Kusi, hewa ikiwa na unyevu mwingi na masika inanyesha, karatasi hulegea na kukwama. Weka mashine mbali na dirisha linalotazama upepo. Jioni ikishapoa, ifunike kwa kitambaa cha pamba; plastiki juu ya mashine yenye joto hutoa jasho, na jasho hilo ndilo maji ya kutu. Roli ambazo hazijafunguliwa zikae katika ndoo yenye kifuniko.

Nyuzi za pamba zitolewe kila siku ya ununuzi kazi ikiisha. Usizipulize kwa mdomo. Unatia mate humo. Sisimizi hupenda joto la mashine, basi karani asile wali wa nazi juu ya meza hiyo. Mikono yenye mafuta ya maganda ya korosho isishike karatasi. Na wale wanaotia tone la mafuta ya nazi kwenye magurudumu ili yasilie, waache leo: mafuta hayo huganda, hunasa vumbi, na kufanya ujiti mgumu kwenye meno ya gurudumu.

Utepe wa akiba uwepo mmoja au miwili, ukiwa ndani ya mfuko wake uliofungwa. Kununua kumi kwa mara moja kwa ajili ya punguzo la bei si busara, kwa sababu wino hukauka hata usipotumika.

RISITI IKIWA MKONONI MWAKO

Kazi ya mashine imekwisha, yako imeanza. Risiti ya kugonga hudumu. Ile ya joto ni kama maandishi ya mchangani kama hukuitunza. Ukiiacha juani juu ya dashibodi ya gari au karibu na jiko, itakuwa nyeusi au itafifia. Ukiitia katika mfuko laini wa plastiki, au ndani ya pochi pamoja na mafuta ya kujipaka, dawa za plastiki na mafuta hula maandishi yake, na baada ya miezi michache unashika karatasi nyeupe. Gundi na selotepu juu ya maandishi hufanya vivyo hivyo. Wako wanaojaribu kuyarudisha maandishi kwa pasi ya moto; karatasi yote hugeuka nyeusi, na kilichokuwa kimebaki kinapotea.

Iweke risiti ndani ya bahasha ya karatasi, mahali pa baridi na giza, sandukuni pamoja na barua ya shamba. Siku ile ile uliyoipata, nakili katika daftari lako tarehe, namba ya risiti, kilo, daraja, bei na jumla. Mwenye simu ya kamera aipige picha kivulini, risiti ikiwa imelazwa bapa. Ikiwa mashine ya kuchoma imetoa nakala mbili, moja yako na moja ya ghala, hizo zilichapwa moja baada ya nyingine, basi tazama namba na kilo za zote mbili kabla hujaondoka.

Na mashine ikikataa kabisa katikati ya siku ya ununuzi, wakulima wamepanga mstari na lori linangoja, kazi isisimame wala isifanywe kwa mdomo. Ghala liwe na kitabu cha risiti za mkono chenye namba na karatasi ya kaboni, kikae ndani ya droo siku zote. Mashine ikipona, karani asichape upya risiti hizo bila kuandika juu yake namba ya ile ya mkono, ama sivyo mzigo mmoja utakuwa na risiti mbili na hesabu ya ghala itavurugika.

Ikibidi kumpelekea fundi, peleka mashine pamoja na adapta yake, waya wake, na karatasi za jaribio la ndani, ya leo na ya zamani. Mwambie ulichoona, si unachodhani: “T hazina dari tangu juma la pili,” si “imeharibika.” Akibadilisha kichwa, mwombe akurudishie kile cha zamani.

ZOEZI

Haya yajadiliwe katika kikundi chenu. La kwanza: risiti ina H zenye nguzo mbili tu bila daraja, na imeandikwa kilo 60. Kilo hizo zaweza kuwa ngapi, na utafanya nini kabla ya kuondoka? La pili: mashine isiyo na utepe yachapa vizuri asubuhi, lakini jioni huzimika ikifika mstari mweusi wa jumla. Mtaanza kuchunguza wapi? La tatu: jaribio la ndani ni safi, risiti hazisomeki, na mjumbe mmoja wa kamati ataka mashine mpya inunuliwe. Mtamjibu nini?

Majibu yatachapwa katika toleo lijalo.